Kisanduku Kinachonyonya Bajaji ya Zainabu

Jumatatu, 3 Machi
Funga njema. Nimekoleza mkaa, nimeinjika uji wa futari. Zainabu, mjukuu wangu, karudi na bajaji yake ya umeme, kaichomeka kwenye kisanduku cha chaji cha watu wa mradi wa bajaji. Adhana ya magharibi haijaisha, taa ya kisanduku ikazima. Kila siku saa hiyo hiyo. Sikipendi. Kimekaa ukutani kwangu kama mgeni asiyetaja kwao.

Jumanne, 4 Machi
Leo nimekivizia. Betri ya bajaji ilionyesha vijiti vinne vya chaji. Nimefuturu, nimeswali, nimerudi: vitatu. Na bajaji haijaenda popote. Wanachota! Gesi wamechimba Msimbati kwetu, bado wanataka na betri ya mtoto.
Zainabu kasema, "Bibi, alfajiri itakuwa imejaa." Na kweli ilijaa. Mwizi gani anarudisha? Huyo ndiye wa kuogopwa. Na Zainabu haniangalii usoni.

Jumatano, 5 Machi
Nimewaita wenye bajaji za mradi hapa mtaani: Somoe, Mwanahawa, Hadija. Wote nimewacheza unyago mimi, mimi ndiye somo wao. Nikisema kaa, wanakaa. Nimewaambia kesho waachane na visanduku vyao, wachomeke kwenye soketi ya ndani. Hadija kauliza, "Somo, wakitukamata?" Woga huo sikumfundisha mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Ya Zainabu nimeichomeka mwenyewe kwenye soketi alipoingia kuoga.
Giza. Mtaa mzima unapika kwa majiko ya umeme, na bajaji zetu zikavuta pamoja. Transfoma ya nguzoni ikapiga mlio. Kwisha. Watu wamefuturu tende na maji. Uji wangu wa mkaa uliiva. Nimeufunika, sikuunywa.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi wa mradi kaja, binti mwenye shungi la bluu. Kasema aliyekiruka kisanduku ananyang'anywa bajaji. Kaanza na ya Zainabu. Wanawali wangu kimya, hakuna aliyenitaja. Ndivyo nilivyowafunda, kutunza siri, na leo kimya hicho kimenichoma.
Nikasema ni mimi. Iache bajaji ya mtoto. Kisha nikamkalisha mkekani aeleze.
Kasema jioni majiko yanaielemea transfoma. Basi bajaji zinangoja, tena kupitia kisanduku zinaupa mtaa umeme kidogo. Watu wakilala, zinajazwa.
"Mbona hamkuniambia?"
"Bibi, Zainabu alikubali, katia saini."
Ukuta wangu, saini yake! Zainabu kasema aliogopa ningekataa. Ningekataa, ndiyo.
Fundi katuonya, kaondoka. Bajaji imebaki. Hasira nayo imebaki.

Jumamosi, 8 Machi
Sijasema na Zainabu. Binti mzima, kunificha mimi!

Jumapili, 9 Machi
Umeme umerudi mchana. Nilikuwa nachambua choroko. Zainabu kaegesha, kasimama mlangoni na waya mkononi.
"Bibi, nichomeke kwenye kisanduku?"
Tangu kisanduku kije, hajawahi kuniuliza.
Nimechambua choroko kiganja kimoja. Kisha nimemwambia chomeka.