Tangazo la Kila Machi

Marangu
3 Agosti 1997

Mjukuu wangu Gladness,

Pokea salamu zangu. Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanitukana kila ninapoinuka. Natumaini u mzima huko Dar es Salaam, na kazi yako ya maktaba ya gazeti inakwenda vizuri, maana leo nina shida nayo.

Jumatano nilinunua dagaa pale Marangu Mtoni. Nimefika nyumbani, nafungua gazeti bovu walilofungia, nikamkuta baba yako ananiangalia. Ndelilio kabisa, na kofia yake ya jeshi, picha ileile aliyopiga Moshi mjini kabla ya kwenda vitani Uganda. Nikakaa chini, dagaa wakamwagika wote, paka akala shibe yake. Juu wameandika KUMBUKUMBU. Chini, aliyetangaza ni Filemon, baba yako mdogo. Palipokuwa na anuani pamelowa, na mwaka umechanika.

Unajua nilizaa wanaume watatu na wote wakaenda jeshini. Ildefonce alirudi, akafa kwa kifua, nimemzika hapa kwenye migomba. Baba yako hakurudi. Filemon alirudi siku moja tu mwaka 1979, akaondoka, na tangu hapo sijapata hata salamu ya mdomo. Sasa namtaka. Yeye ndiye kitindamimba, kihamba hiki, shamba hili la migomba la babu yako, ni chake, na Krismasi ukoo watakaa wampe Tito, mtoto wa shemeji yangu, ambaye hata kupogoa mgomba hajui. Mimi nina miaka themanini. Nitafutie huyo mtoto kwenye magazeti yako.

Usisubiri upate nafasi. Ukimaliza kusoma, anza.

Bibi yako,
Mektrida


Dar es Salaam
21 Agosti 1997

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ni mbu tu wananimaliza. Goti upake ile dawa niliyokuletea, usiiweke kabatini kama pambo.

Barua yako niliisoma nimesimama kazini nikashindwa kumhudumia mtu. Baba alipoondoka nilikuwa na miaka sita, na picha yake ninayo moja tu, uliyonipa wewe. Kumbe alikuwa hapa kwenye makabati yetu, nami napita mbele yake kila siku na kitambaa changu cha vumbi.

Magazeti ya zamani tumeyajaladi mwezi kwa mwezi, mazito kama mawe ya kusagia. Nilianza kupekua ovyo wakati wa chakula cha mchana, wiki nzima bila kitu. Halafu nikapata akili: baba alifariki Machi, na matangazo ya kumbukumbu hutoka siku aliyokufa mtu. Sasa nafungua Machi tu. Nimempata baba mdogo 1984, S.L.P. ya Bukoba. 1986, Mwanza. 1988, Tabora. Hatulii mahali. Nimeandika kwenye anuani zote tatu.

La 1984 linasema: "Kaka Ndelilio, leo miaka mitano. Bado sijaweza. Nisamehe." Bibi, hajaweza nini?

Mjukuu wako,
Gladness


Marangu
4 Septemba 1997

Gladness,

Marahaba. Sote tu wazima, na ndizi zipo.

Unaniuliza hajaweza nini. Watu huandika mengi magazetini, mwanangu. Wewe endelea kutafuta. Kahawa imeiva, nami nashindwa kuichuma, nikishika tawi moja naona kama mtu ananiita barabarani. Wiki hii nimekwenda posta mara nne kwa goti hilihili. Salvina, yule karani, ananitikisia kichwa kabla sijafika dirishani.

Umeniandikia ukurasa mmoja. Mshahara wako haununui karatasi ya pili?

Bibi yako,
Mektrida


Dar es Salaam
5 Oktoba 1997

Bibi,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama.

Barua mbili zimerudi, mwenye sanduku amehama. Ya tatu kimya. Lakini nimelipata tangazo la 1991, kutoka Dodoma, nalo ni refu. Nakunakilia neno kwa neno: "Kaka, mama alisema nisikanyage nyumbani bila wewe. Nimeomba tena kwa wakubwa, wamejibu kuwa mifupa ya askari haihamishwi. Nitaomba tena. Mdogo wako, Filemon."

Nimelisoma mara tatu, nikaenda kujifungia chooni nikalia. Miaka kumi na minane unaniambia baba mdogo alitutupa. Nimekua namchukia mtu nisiyemjua. Bibi, ulimwambia hivyo? Sifungui gazeti jingine mpaka unijibu.

Gladness


Marangu
28 Novemba 1997

Mjukuu wangu Gladness,

Nakusalimu, kama bado unazipokea salamu zangu. Nimechelewa. Ningeweza kusingizia mvua, maana zimechukua daraja letu, lakini si mvua.

Nilimwambia. Barua ya jeshi ilikuwa imetangulia, na mimi nilishasafisha mahali pa kaburi. Hapa kwetu mtu huzikwa kwenye kihamba cha babaye, hatumwachi porini. Uani watu wamejaa, pombe ya mbege imeiva, nikamwona Filemon anapanda peke yake na begi. Nikamuuliza yuko wapi. Akasema wamemzika hukohuko na wenzake. Nikamwambia mbele ya watu wote: mlitoka pamoja, rudi umlete, usikanyage kihamba hiki bila yeye. Aligeuka hapohapo, hata maji hakunywa.

Nilidhani atarudi baada ya wiki, hasira ikishapoa. Mwaka mzima kila Jumapili nilikuwa naweka chakula chake. Baadaye aibu ikanikaa, nikaanza kusema ametutupa, mpaka nikakaribia kuamini.

Na siku ileile niliwafukuza waombolezaji. Nikasema bila mwili hakuna matanga, hakuna misa, na mtu asimwite mwanangu marehemu. Ndiyo maana baba yako hana hata msalaba wa mti. Wewe ulikuwa na miaka sita na nilikunyima kumlilia. Nimekukosea na najua.

Ya kihamba nilikutajia kwa kuwa ni rahisi kuandika. Ninachotaka ni kuliondoa lile neno. Mzazi akifa na neno lake halijaondolewa, mtoto hubaki nalo, na mimi sina muda. Usiponijibu nitaelewa, lakini nijibu.

Bibi yako,
Mektrida


Dar es Salaam
13 Desemba 1997

Bibi,

Shikamoo. Bado nimekasirika, sikufichi. Krismasi hii siji.

Lakini nimefungua tena. Tangazo la mwisho ni la Machi 1994, baada yake hakuna kitu. Nimeogopa, nawe usijifanye huogopi. Anuani yake ilikuwa S.L.P. ya Moshi. Moshi, Bibi, hapo chini yako! Nimepiga simu posta ya mjini, wanasema sanduku lilishafungwa.

Imebaki njia moja. Kama yu hai, najua Machi ananunua gazeti letu. Tuweke tangazo lako siku ileile, mahali palepale. Mimi nitalipitisha, ila uliandike kwa mkono wako, na baba umwite kwa lile neno ulilowakataza watu. Bila neno hilo silichapishi.

Mjukuu wako,
Gladness


Marangu
11 Januari 1998

Gladness,

Marahaba, mtoto mwenye kichwa kigumu. Unajua umekitoa wapi.

Imenichukua siku kumi na karatasi nne. Ukoo nimewaambia wangoje mpaka baada ya Pasaka, Tito amenuna. Chapisha hivi, usiongeze maua:

"KUMBUKUMBU. Marehemu Ndelilio, mwanangu wa kwanza, alifariki vitani Machi 1979. Filemon, mwanangu, nilikosea. Njoo nyumbani mikono mitupu. Mama yako Mektrida, Marangu."

Neno lako nililiachia nafasi, nikaandika mengine yote, kisha nikarudi kulijaza.

Bibi yako,
Mektrida


Marangu
2 Aprili 1998

Gladness mwanangu,

Salamu utazipata ukifika. Filemon yuko hapa.

Alikuja Jumamosi asubuhi. Niko jikoni, jirani yangu Aikande akaniita kwamba kuna mzee amesimama ng'ambo ya mfereji na haongei. Mzee! Mtoto wangu wa mwisho ana mvi kuliko mimi. Nikamwambia pita. Akasema, "Mama, ulisema." Miaka yote hiyo, bado amesimama palepale nilipomwacha.

Nikakata jani la isale pale kwenye mpaka, nikalifunga fundo, nikamwendea. Unajua isale ya kuomba msamaha haikataliwi, ila mzazi hampelekei mwanawe. Aikande alishika mdomo. Mimi nilimpelekea, nikampa kwa mikono miwili. Akalipokea akilia, nami nikalia hadharani, na wanaotaka kusimulia wasimulie. Kisha nikamshika mkono tukavuka.

Tangu 1993 yuko Chekereni, hapo chini ya Moshi, analima mpunga. Mchele wa huko nimeula miaka hii yote na sikujua. Nikamuuliza mbona aliacha kutangaza. Akasema alikuwa amefika mwisho wa njia yake, kila asubuhi anauona mlima, na hatua iliyobaki ilikuwa yangu mimi. Gazeti aliendelea kununua kila Machi, hakujua kwa nini.

Padre amekubali misa ya marehemu, Jumamosi ya tarehe 18, wiki ya Pasaka. Filemon ameanza kuchimba jana karibu na Ildefonce, anakataa kusaidiwa. Humo hakuna cha kushusha, na Padre amesema tusihangaike nalo. Ila udongo lazima utupwe, na udongo wa kwanza ni wa mtoto wa marehemu. Wazee wa ukoo walitaka Filemon aanze kwa kuwa ni mwanamume. Filemon akaweka jembe chini, akawaambia, "Mtoto wa kaka yuko Dar es Salaam, anakuja."

Sijui kama hasira yako imeshapoa. Njoo nayo kama bado unayo. Ukichelewa basi la Ijumaa, panda la Jumamosi. Kaburi la baba yako litakaa wazi, nasi tutakaa pembeni yake tukikungoja.

Bibi yako,
Mektrida