Moyo wa Machage Haujui Mwamba

Gorong'a,
S.L.P. 31,
Tarime.
22 Mei 1994

Mpendwa wifi yangu Elieth,

Pokea salamu kutoka huku kwenu Gorong'a. Hujambo wewe na watoto? Shemeji amepona kile kikohozi? Nasikia baridi ya Makambako inawavalisha makoti hata jikoni. Ndiyo faida ya kuolewa mbali na ndugu zako. Sisi tu wazima. Mahindi ya mlimani yanapendeza, ya bondeni yamechukuliwa na maji, na ng'ombe wananenepa kuliko mimi.

Barua yako niliipata. Nimeirudia mara nyingi kwa sababu ya neno moja, kwamba unalala usingizi kwa kuwa mwanao Nyangwine anachimba dhahabu chini ya ulinzi wa moyo wa mjomba wake. Neno hilo ndilo limenifanya nishike kalamu leo. Nyangwine ni mzima, nakuambia mapema ili usisome kwa kuruka mistari.

Kumbe sifa za moyo wa kaka yako zimefika hadi huko. Tangu watu walipomiminika huku kwa ajili ya dhahabu, Machage ndiye kiongozi wa duara letu, yaani shimo letu la kuchimbia dhahabu, na desturi ni kiongozi kushuka shimoni wa kwanza kila asubuhi. Siku moja akiwa chini moyo wake uliruka. Ulipiga, ukanyamaza kidogo, kisha ukapiga kwa kishindo hadi kooni. Akatoa watu wote, na kabla ya chakula cha mchana ukuta wa shimo ukamomonyoka. Wazee wakasema ni babu yenu Wangwe anayemgonga kifuani kumwonya. Kuanzia hapo ikawa sheria: moyo ukiruka watu wanatoka, ukitulia wanashuka. Hata maduara mengine yalituma watu kuuliza moyo wa Machage umeamkaje.

Unamjua kaka yako. Alitembea kama fahali aliyeshinda. Nami nilivimba kichwa, maana mke wa mwenye moyo kama huo hapangi foleni kisimani.

Baadaye moyo ukazidi. Uliruka akiwa amekaa, uliruka akila, uliruka kanisani katikati ya maombi. Nikamwambia babu Wangwe hawezi kuwa na la kusema kila tunapoandaa ugali. Hospitali hakutaka kuisikia. Alisimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho, sasa aende akamwambie mtu kwamba moyo unamsumbua? Basi nikamwambia tunakwenda Ringwani kuwasalimia ndugu zangu, na njiani nikamwingiza hospitali ya misheni. Alinuna mpaka kwenye benchi la wagonjwa.

Daktari Joram alimpima presha na damu, akambandika nyaya kifuani, mashine ikachora mapigo kwenye karatasi. Akatueleza pole pole. Wakati mwingine moyo hupiga pigo moja kabla ya zamu yake, kisha hupumzika kidogo ili ujiweke sawa, na pigo linalofuata huja na nguvu. Hilo ndilo mtu analolisikia, akadhani moyo ulisimama. Kwa watu wengi ambao moyo wenyewe ni mzima, jambo hilo halina madhara. Kisha akauliza: umewahi kuzirai? Kifua kinabana? Pumzi inakukatikia ukipanda mlima? Moyo huanza mbio ghafla ukakataa kutulia? Kuna ndugu aliyekufa ghafla angali kijana? Yote yalikuwa hapana. Baba yenu tulimzika na mvi zake. Daktari alisema lingekuwapo hata moja kati ya hayo, asingeturudisha nyumbani hivi hivi.

Halafu akauliza mgonjwa anakunywa nini. Wifi, hapo nikaanza kutazama vidole vyangu vya miguu. Chai yangu unaijua. Birika linakaa motoni karibu na shimo tangu asubuhi, chai inakuwa nyeusi kama lami, na kaka yako analimaliza karibu peke yake ili asisinzie kazini. Maji hanywi, na jasho linamtoka. Usingizi ni wa kuibia. Juu ya hayo kuna mirungi inayopenyezwa kutoka ng'ambo ya Sirari, ambayo aliapa anatafuna kidogo tu, ya kuchangamsha meno. Daktari hakucheka, mimi nilicheka. Damu nayo ilikuwa pungufu kwa sababu ya malaria za mara kwa mara, akapewa vidonge na tarehe ya kurudi.

Tukarudi na masharti. Chai ikawa nyepesi, mirungi ikaachwa kwa vita, maji yakanywewa, usingizi ukalalwa kama wa watu wengine. Moyo ukiruka, akae chini, avute pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, asianze kuwaza jeneza, maana hofu nayo huuchochea. Akashika masharti yote, akinung'unika. Masika ilipoanza, moyo ulikuwa umetulia.

Wifi, kutulia huko ndiko kulikotaka kutuulia watu. Mvua ilipochachamaa, maduara ya jirani yalisimamisha kazi. Vijana wetu wakataka kushuka, kwa sababu moyo wa Machage ulikuwa kimya. Mwanao ndiye alikuwa mbele, kamba ameshaifunga kiunoni. Akasema, "Mjomba, moyo si umenyamaza? Basi babu ameruhusu." Akawageukia vijana wenzake, "Tushuke, mura, mwamba wa dhahabu uko karibu."

Kaka yako angeweza kusema moyo umeruka. Ni neno moja tu, wote wangerudi nyuma, na jina lake lingebaki pale pale juu. Nilimwona akilifikiria. Lakini alisimama mbele ya vijana, wazee na watu wa maduara mengine, akasema kwa sauti, "Moyo wangu haujui mwamba. Ulikuwa unajua chai ya mke wangu, Mama Method. Siku ile ukuta ulianguka kwa sababu magogo ya kuuzuia yalikuwa yameoza. Leo nimeyashika kwa mkono, yamelegea, na ukuta unatoa maji. Hashuki mtu."

Walicheka, wifi. Mzee Mseti alitema mate, akaondoka. Mwingine akasema hospitali imemgeuza mwanamke. Nyangwine alikasirika kuliko wote, aliona mjomba wake amemwaibisha mbele ya rika lake. Machage aliweka jiwe kubwa katikati ya njia ya kwenda shimoni, akalikalia, akaniita nimshike mkono. Nikaweka vidole kwenye kifundo kama daktari alivyotufundisha. Mapigo yalikwenda sawasawa, halikuruka hata moja. Yalikuwa yanakwenda hivyo hivyo wakati ardhi iliponguruma na shimo lote likajifunga, na magogo yake, na ndoo zetu zote. Ndani hakukuwa na mtu.

Nimemwona mume wangu akirudi na dhahabu, na nimemwona akishangiliwa, lakini sijapata kujivunia kuwa mke wake kama siku ile aliyochekwa. Alilitupa jina lake mbele za watu ili mwanao abaki juu ya ardhi. Ndiyo maana nataka usingizi wako uendelee, ila uegemee kwenye macho na mikono ya kaka yako. Sasa anakagua magogo yote kabla ya mtu kushuka, na mvua ikinyesha hakuna kazi.

Kuhusu moyo wako, ulioandika kwamba nao unarukaruka tangu ujifungue: nenda ukapimwe damu na presha, usinisubiri mimi. Ukizirai, au kifua kikikubana, au pumzi ikikukatikia, uende siku hiyo hiyo. Na chai upunguze, maana ulijifunza kuipika jikoni kwangu.

Method anakusalimu. Mzee Mseti amerudi kwenye duara, anakunywa chai yangu nyepesi na kuilalamikia kila siku. Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mungu awafunike nyote, na mtoto mchanga akue ajue ana wajomba.

Nyangwine anakuamkia, shikamoo mama. Siku hizi yeye ndiye anayemletea mjomba wake maji ya kunywa asubuhi, na hamwachii mtu mwingine kazi hiyo. Aliniomba nisikuandikie habari ya ile kamba kiunoni.

Ni mimi wifi yako, akupendaye hata ukininunia,

Mokami (Mama Method)