Bi Rangi na Begi Lake

Juu ya duka la vioo, mlango wa nyuma
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Natumaini dawa unazimeza, sio kuziweka akiba. Huku tuko salama, ila mimi nina mafua.

Najua unachosubiri ni habari za binti yako, ambaye ofisini wamembatiza Bi Rangi. Kurasa za tovuti tulikuwa tunaziandika kwa HTML, ile lugha ya alama za mabano, kwenye faili za pembeni, naye akiingia humo mwenyewe kuzipamba. Kila alama inayofunguliwa sharti ifungwe, na ikisahaulika moja ukurasa mzima unakwenda upande. Basi nikapendekeza tuziandike kwa lugha ileile tunayoandikia programu inayoendesha tovuti. Sasa kichwa cha habari ni funksheni, yaani kipande cha programu chenye jina na kazi yake, aya ni funksheni, moja inakaa ndani ya nyingine. Ukikosea, programu inagoma kabla mteja hajaona.

Bosi alifurahi. Bi Rangi lugha hiyo hakuijua. Akapewa wiki mbili: aiweze au waachane. Ndipo alipokupigia simu, nawe ukamwambia chumba chake kipo.

Mara ya kwanza alichapa alama zake za zamani katikati ya alama za nukuu. Programu ikazichukua kama maneno ya kawaida, na ukurasa wa kliniki ya meno ukatoka na mabano yote nje nje. Ofisi ilicheka, nami nikacheka. Jioni, hapa tunapoishi pamoja, nikamkuta amelitoa begi chini ya kitanda, anakunja nguo. Roho iliniuma.

Jumatano akafuta kila kitu, akaanza na kitufe kimoja cha miadi. Programu ikagoma. Akarekebisha, ikagoma tena. Mara nikamsikia:

“Ala! Kumbe ni visanduku ndani ya visanduku tu!”

Tangu hapo hakuinua kichwa. Ijumaa bosi aliukagua ukurasa wote, akauliza nani kauandika. Akaambiwa.

“Basi abaki,” akasema, akarudi kwenye chai yake.

Shangazi, wewe ulitaka arudi, mimi nilitaka abaki. Nimeshinda, lakini nikikufikiria na yale mapazia ya chumba chake uliyokwisha kuyafua, sina raha sana.

Nisalimie Mjomba, na kitinda mimba wetu aache uvivu wa kupiga simu. Mungu akulinde, akupe usingizi mwororo.

Begi limerudi chini ya kitanda. Ila Bi Rangi anasema chumba usimpangishe mtu.

Mwanao akupendaye,
Yule wa mafua