Nimevuka Mto na Nyama Mkononi

Jumatano, 6 Machi

Nimefika! Treni usiku kucha kutoka Kairo, kisha kinyozi karibu na stesheni ya Aswani — mwanangu wa kwanza asinione na ndevu za safari. Nikanunua paja zima la kondoo, mpaka nyongani, nikavuka Nile kwa mashua. Kijijini kwa wakwe watalii wamejaa, wanapiga picha kuta za buluu. Mmoja akanipiga mimi na paja langu. Nikaenda moja kwa moja chumbani kwa Nabra, aliyekuja kujifungulia kwao. Mke wangu kanenepa usoni. Mtoto ana masikio ya marehemu baba. Ndiyo kwanza nimempakata, mama mkwe, Hajja Shaya, akatokea mlangoni. Akaona kidevu. Akaona nyama. Akapiga ukelele utadhani nimeingia na nyoka.

Alhamisi, 7 Machi

Maziwa ya Nabra yamekata. Mtoto analia tangu alfajiri. Na mkosa ni mimi! Eti aliyevuka mto, au aliyetoka kunyolewa, au aliyebeba nyama mbichi haingii alipo mzazi kabla mwezi mpya haujaandama. Au mzazi atolewe nje kwanza kumlaki. "Wewe umekuja na vyote vitatu," Hajja kaniambia mbele ya majirani. "Hata adui angechagua kimoja." Wakacheka. Mimi pia ni Mnubi, mambo haya niliyasikia kwa bibi. Lakini Kairo tunavuka mto kila siku, darajani, ndani ya basi — watoto wote wangekufa njaa!

Ijumaa, 8 Machi

Nimevuka kwenda kutafuta maziwa ya kopo. Niliporudi — nimevuka tena, siingii. Nimekaa kwenye benchi la udongo uani, kopo likapokelewa mlangoni kama la mwombaji. Nusu ya maduka ya dawa ya Aswani yamefungwa, na niliyemhangaikia kayatema.

Niliongea na Nabra kupitia dirisha. Nikamwambia nimepaka rangi chumba chetu cha Kairo, nimeweka feni. Akanijibu: "Huku wanawake wananipokea mtoto nilale. Kwako atanipokea nani, friji?" Nilianza kwa kubeba friji za watu mgongoni ngazi kwa ngazi. Leo nina karakana yangu ya kuzitengeneza. Nikarudi kwenye benchi. Nilitaka kumjibu sana.

Jumamosi, 9 Machi

Hajja ametoa dawa: Nabra avuke mto yeye mwenyewe. Apite kati ya mawe makubwa meusi, yale yenye maandishi ya wafalme, anawe hapo, watu wa majini, wale wakaao chini ya mto, wapewe uji na tende. Kisha akanyage ng'ambo ndipo amnyonyeshe. Kesho, mashua ya kaka wa Nabra, Bashari.

Mtoto sasa halii kwa sauti. Hilo linanitisha kuliko kelele.

Ng'ambo ni kwenye stesheni. Nimevuka jioni, nimekata tiketi za kwenda Kairo. Mbili. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 10 Machi

Naandika nimekaa kwenye ngazi za gati, Aswani.

Maji yalikuwa machache, mawe yametoka nje mpaka kiunoni. Watalii wa mashua nyingine wakapunga mikono. Hajja akamwaga uji, akanong'ona kwa Kinubi. Nabra akanawa uso, kifua. Bashari akanitania: "Shemeji, wewe usiguse maji, wasije wakaghairi!"

Hapa gatini Nabra akamweka mtoto kifuani. Mtoto akahangaika. Akaacha. Akarudi — na sasa anameza, namsikia akimeza! Nimegeuka upande wa mto nikajifuta macho. Basi, iwe ni mto, iwe ni maziwa tu yamerudi kwa wakati wake, sitabishana.

Teksi ya kwenda stesheni inangoja juu. Mkoba wangu umo ndani. Nabra ameona tiketi zikichungulia kwenye mfuko wa shati langu. Amezisoma, zote mbili.

Hajja keshaketi mashuani. Bashari anaita: "Shemeji, upepo unageuka! Turudi au vipi?"

Nabra amemhamishia mtoto titi la pili. Hajainuka bado.