Sarafu Ulizozitia Asidi

Mdogo wangu Chacha,

Sijui barua hii itakukuta kwenye rashi ipi ya dhahabu, huko wachimbaji wanakokimbilia. Wapo wanaosema ulionekana Geita, wengine wanasema Chunya. Naiandika waziwazi ili yeyote atakayeisoma na kukutana nawe akwambie kwamba mama yuko hai hapa Kenyamonta, anakuhitaji, na macho yake hayaoni tena.

Unakumbuka zile Jumamosi ulizokuwa ukitoka kwenye maduara ya Matongo, yale mashimo ya dhahabu, matope yamekukaukia mpaka masikioni, ukaniomba nikutolee kopo la sarafu za kale? Kopo hilo aliniachia padri mzee aliyenifundisha Kilatini seminarini. Nilizipanga juu ya ngozi ya ng'ombe, nikaanza na Wagiriki. Nilikueleza kwamba zamani oboli ilikuwa kijiti cha chuma cha kuchomea nyama, na vijiti sita vilijaa mkononi. Ndiyo maana oboli sita zikawa drakma moja, neno lenye maana ya konzi.

"Kumbe walikuwa wanauziana mishikaki!" ulisema. Mama alicheka hadi akaweka ungo chini.

Kwa Warumi ndipo ulipobisha. Dinari uliijua, ile ya vibarua wa shamba la mizabibu tunayosomewa kanisani. Ila ulikataa kabisa kwamba dinari ndogo ya fedha, nyepesi kama kifungo cha shati, ilikuwa sawa na sestersi nne, wakati sestersi moja tu ilikujaa kiganjani. Nikakwambia taratibu: anayeanza kukusanya sarafu asidanganywe na ukubwa, aulize kwanza ni madini gani. Sestersi ni shaba iliyochanganywa na zinki. Dinari ni fedha. Ya dhahabu ni aureo, iliyobadilishwa kwa dinari ishirini na tano, na hiyo padri hakuwa nayo.

Wewe ulikuwa umeshakwaruza ukingo wa sestersi kwa msumari. Pakang'aa njano.

"Kaka, kuijua rangi hii ndiyo kazi yangu," ulisema. Nikadhani unatania.

Wiki iliyofuata nilifungua kopo nikakuta sestersi zote saba hazimo. Nilipofika Matongo ulikuwa umechuchumaa mbele ya bakuli, wenzako wamekuzunguka. Ulikuwa umezitia asidi, kama mnavyosafisha dhahabu. Maji yalikuwa yamegeuka kijani, na chini hapakuwa na kitu. Uliniambia kwa sauti ya chini, "Nilitaka mama aezekewe bati."

Heri ningenyamaza hapo. Lakini nilieleza, Chacha. Nilieleza kwa sauti ya darasani, mbele ya wote, kwamba dhahabu ingebaki na shaba huyeyuka, na kwamba nilikufundisha Jumamosi kuwa sestersi ni shaba. Mwenzako mmoja akapaza sauti, "Mura, kijana wetu, umepika shaba! Basi tugawie mchuzi!" Wakaangua kicheko. Ulinawa mikono, ukachukua sururu yako, ukaondoka bila kunitazama.

Sarafu sizililii. Nimekwenda Machochwe kwa shangazi, nimevuka mpaka wa Sirari kuwauliza ndugu zetu wa Kenya, na hakuna anayejua uliko. Nimefundisha watu wengi mambo mengi, lakini sijui niseme nini ili urudi. Nilikukosea. Hilo halina maelezo.

Mama alikuwa akiuliza kila siku kama umefika. Wiki iliyopita alisikia hatua zangu mlangoni akasema, "Chacha?" Nilimsogelea nimweleze kwamba ni mimi, kisha nikamshika mkono. "Ndiyo, mama," nikasema. Akanipapasa uso, akauliza kama nimekula, kisha akalala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo ananiita kwa jina lako, nami naitika.

Njoo, mdogo wangu, hata ukija mikono mitupu. Leo asubuhi ameniuliza, "Na kaka yako Marwa, mbona siku hizi haji kunisalimia?"

Ni mimi kaka yako,
Marwa