Mkono wa Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Wifi amekuja. Bila taarifa! Nimefungua mlango nimwage maji ya deki, huyo hapo, na kibegi kimoja. Miaka yote tangu mama mkwe apatwe na kiharusi, dada wa mume wangu hajakanyaga hapa. Leo ghafla, "Nimekuja kukupumzisha, wifi." Kunipumzisha! Nani kamwambia nimechoka?

Mume wangu kafurahi kama mtoto. Dada hivi, dada vile. Nikamuuliza jikoni, kwa sauti ya chini, dada yako kafukuzwa wapi? Akasema nina roho mbaya. Mimi nina macho tu, na kibegi kile kidogo sijakipenda.

Jumanne, 10 Juni

Mchungaji amepita. Jumapili nitoe ushuhuda mbele ya kanisa zima — jinsi ya kuubeba msalaba nyumbani. Anasema wengi wameinuka kwa kuniona. Akina mama wa kanisa wananiita Simoni, kwa jina la yule aliyemsaidia Bwana kubeba msalaba. Walianza kwa utani, sasa hata watoto wao, "Shikamoo Mama Simoni." Nakataa kwa mdomo. Moyoni napenda.

Ushuhuda ninao. Mama hawezi kusema, upande wake wa kulia umepooza, lakini anaomba. Kila nikimlaza ubavu wa kulia, aitazame picha ya Msalaba ukutani, huguna. Mguno mrefu, kutoka chini kabisa. Naitikia "Amina." Hapo ndipo ninapopata nguvu. Kumwogesha, kumlisha, mashuka kila siku, mgongo wangu unaowaka moto — yote yana maana kwa sababu ya mguno ule. Tunateseka pamoja, naye anamtolea Bwana.

Wifi alikuwa anasikiliza huku anamenya viazi. Akauliza: na ukimlaza kushoto, anaguna? Swali gani hilo! Nikamjibu kushoto kuna dirisha tu, ataombea nini dirishani. Akaendelea kumenya. Huyu ana jambo.

Jumatano, 11 Juni

Anajifungia! Asubuhi kaingia na beseni kumwogesha mama, akasukuma komeo. Nikatega sikio mlangoni. Kwanza maji tu. Kisha wifi anacheka. Anacheka na nani? Kisha ananong'ona, ananyamaza, ananong'ona tena, kama mtu anayejibiwa. Na mama hasemi!

Nilipoingia, chumba kinanuka mafuta. Mafuta gani, ya kutoka wapi? Nimeinama chini ya kitanda nikaikuta chupa. Mafuta yangu ya kupikia! Amemkanda mama nyonga kwa mafuta yangu ya kupikia. Nimeyarudisha jikoni. Lakini mafuta ya kupikia hayaelezi minong'ono.

Na picha. Ameitoa mahali pake akaitundika karibu na dirisha. Nimeirudisha. Mtu anayeanza kwa kuhamisha Msalaba, ataishia kuhamisha nini?

Nimemweleza mume wangu. "Mwache dada," akageukia ukutani.

Alhamisi, 12 Juni



Akina mama walikuja kusali, kama kila Alhamisi. Nikamgeuza mama ubavu wa kulia. Akaguna. Wote magoti chini, mwenyekiti wao machozi yanamtoka, "Anaomba! Sikieni anavyoomba!" Na mimi niliona fahari. Niliona kabisa.

Wifi akaingia, kitambaa cha jikoni begani. Hakusalimia. Akapita katikati ya watu waliopiga magoti, akaingiza mikono chini ya mama, akamgeuzia dirishani. Mguno ukakatika pale pale, kama redio iliyozimwa.

Mwenyekiti akauliza, kwa nini unakatisha maombi ya mtu? Wifi akasema: "Nyonga inamuuma, mama zangu. Hii ya kulia. Aliiangukia siku ile ya kiharusi. Mnamsikiliza akilia."

Nilimwita mwongo, mbele za watu. Amejuaje? Daktari hakusema. Mama hasemi. Nikamuuliza hivyo hivyo, kwa kelele: umejuaje?

"Nimemuuliza tu, wifi."

Ijumaa, 13 Juni

Mume wangu amenieleza. Eti walipokuwa wadogo, ibada ikiwa ndefu, mama aliwashika mikono kwenye benchi. Kusema marufuku. Mtoto alinong'ona swali lake — niende nje? tumekaribia kumaliza? — na mama alijibu kwa kubana mkono. Mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Wifi kakumbuka. Kamshika mama mkono wa kushoto, ule mzima, kamuuliza, na mama kabana. Basi! Miaka yote hii! Na mume wangu alikuwa anaujua mchezo wenyewe, hakuwaza. Alinieleza huku anaangalia vidole vyake.

Bado simwamini wifi. Mshipa wa mgonjwa unaweza kucheza wenyewe. Na mtu anayetaka jibu hulipata popote.

Lakini jioni nimemlaza mama kushoto. Nimesimama pale nikisubiri. Hakuguna.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekaa na kalamu niandae ushuhuda, nimeshindwa pa kuanzia.

Simoni hakubeba msalaba wake. Ulikuwa wa mwingine, na mwenyewe alikuwa hapo mbele anavuja damu. Mimi nimeubeba mpaka nikamsahau mwenyewe. Hata Bwana, pale juu, alisema ana kiu. Alisema wazi, na mtu akaenda kuleta sifongo. Ningekuwepo mimi ningeitikia "Amina."

Naona haya. Na nina hasira na wifi, humu siwezi kujidanganya. Kama mguno ule ulikuwa nyonga tu, mimi nilikuwa nabeba nini? Mashuka?

Jumapili, 15 Juni

Nimevaa gauni jeupe. Mume wangu yuko nje, anagonga dirisha la sebuleni kwa funguo, tunachelewa. Mchungaji ametuma ujumbe: kanisa limejaa.

Nimeingia kwa mama. Wifi alikuwa anamnywesha chai kwa kijiko. Nikamwambia nataka kumuuliza mwenyewe, wewe usimguse. Nilidhani atakataa, nijue ni hila yake. Akaweka kikombe chini, akatoka, mlango akauacha wazi.

Nikamshika mama mkono. Nikaanza na swali la mtego. "Mama, mimi ni binti yako wa kuzaa?" Akabana. Akabana tena. Mara mbili! Wazi kabisa, bila hata kunionea huruma. Nimecheka, nimelia, sijui kipi kilitangulia.

"Nyonga inakuuma?" Mara moja.

Basi hakuna hila. Ni mimi.

Nikavuta pumzi, nikauliza lile nililoogopa. "Mama, miguno ile yote — ilikuwa na sala ndani yake? Hata kidogo?"

Naandika kwa mkono wa kulia, daftari gotini. Wa kushoto uko kiganjani mwake. Amenitazama kwanza, muda mrefu. Kisha amebana. Mara moja.

Lakini hajaniachia. Vidole bado vimenikaza, na sijui kama amemaliza au ya pili inakuja. Mume wangu ananiita kwa jina. Wifi amesimama koridoni. Sisogei.