Sinema Yangu, Kanisa Yao

Siku ya kazi tatu, 7 mwezi wa tano
Nimefagia sale yangu ya sinema tena. Bachimbaji baliacha udongo wa shaba chini ya mabenchi yote. Nabaambia bapanguse miguu ku mulango. Ni kama kuambia jiwe.

Kura, ni kusema umeme, ilirudi saa nane. Nikatundika shuka, nikawasha projekta. Filamu ya Bachina, ya kupigana. Hakuna mutu anasikia Kichina, basi mi nasimama pembeni na kueleza kwa Swahili. Mengine natunga. Batu banapenda zaidi yale natunga.

Jirani anasema batu ya mine, ile kampuni ya shaba, banaandika namba nyekundu ku bikuta bya avenue ya pili. Uongo. Kila mwaka banasema hivyo.

Siku ya posho, 10 mwezi wa tano
Si uongo. Namba iko ku ukuta wangu, nyekundu, rangi bado inachuruzika. Shimo ya mine inakuja upande wetu. Kartie yote, nyumba zote za hapa, itahamishwa njia ya Mutshatsha.

Tume yao ya kuhamisha batu iko na liste: nyumba, batajenga ingine. Masomo ya batoto, ingine. Kanisa, ingine. Duka, bar, sinema: beba bitu byako, uende. Yaani marehemu bwana yangu alipiga matofali ya hii sale na mikono yake, na mi nibebe shuka tu? Niko na hasira mpaka kichwa inauma.

Kazi moja, 12 mwezi wa tano
Tumebashinda!

Tata Pasta Mukendi anasalisha batu mu sale yangu kila siku ya Mungu asubui. Myaka tatu sasa, bure. Jana kisha ibada nilimuambia: Tata Pasta, tuseme yote ni kanisa. Bajenge mupya. We utakuwa na siku yako, mi nitakuwa na sita zangu za filamu. Alicheka, akasema Mama Kapinga, we uko mujanja. Akakubali.

Leo nilificha projekta chini ya kitanda. Musalaba katikati. Mama ya koro balikuja kuimba, kazi moja, saa ine ya asubui! Karani wa tume, binti mupole, aliuliza hii ni nini. Kanisa, mwanangu. Akaandika. Akauliza jina ya mwenyewe. Nilitaka kusema yangu. Lakini mwenye kanisa ni pasta, si mama wa tiketi. Tata Pasta alitoa karte yake ya kitambulisho, akasaini. Nikapiga makofi. Nimecheka peke yangu mu kikoni mpaka machozi.

Siku ya Mungu, 25 mwezi wa tano
Pasta alisema mbele ya bote: nyumba mupya haitaingia bitu bya dunia. Eti Bwana alimusemesha mu ndoto.

Nilimungoja ku mulango. Tata Pasta, si tulipatana? Akasema ni kweli, mama, tulipatana, lakini pahali pa Mungu si pa filamu ya kupigana. Yeye! Yeye mwenye kukaa benchi ya mbele kila siku ya kazi tano na kupiga kelele kuliko bachimbaji! Namuchukia. Ninaandika hivi na sitafuta.

Kazi ine, 5 mwezi wa sita
Nilienda ku biro ya tume, kusema sale ni yangu. Binti yule yule. Alinisikiliza vizuri, na hiyo njo kitu kinauma. Akasema, mama, we mwenyewe uliniambia.

Nikisema leo kwamba nilidanganya, banafuta kanisa. Batu bote banabaki bila pahali pa kusali. Na mi sipati kitu, juu sinema haiko mu liste. Nikinyamaza, pasta anapata. Nilihesabu hii mambo njia yote ya kurudi, na miguu, mu vumbi. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia ku meza ya ule binti.

Nimenyamaza.

Kazi tano, 20 mwezi wa sita
Mashini ya kubomoa ilifika saa tatu. Nilizani ukuta wa bwana yangu utasumbua kidogo. Hapana. Musukumo moja.

Kazi moja, 23 mwezi wa sita
Baridi. Sikuandika kitu. Sina kitu.

Siku ya Mungu, 2 mwezi wa kumi na moja
Nilienda kusali ku kanisa mupya. Sikutaka, lakini hapa ku site, pahali balituhamishia, hakuna ingine, na siku ya Mungu ni ndefu ukibaki peke yako mu nyumba.

Mabati ni mazuri. Mvula ilinyesha, hakuna tone iliingia. Nyuma ya pasta kuna ukuta mweupe, mupana, laini, bila dirisha. Chini yake kuna prize ya kura, tundu ya kuchomeka projekta. Nilipima kwa macho. Ungeenea picha yote, hata shuka haingehitajika.

Niliangalia ule ukuta ibada yote. Ku mulango Tata Pasta alinishika mukono, akauliza kama neno lilinigusa. Nikasema ndiyo, tata.